Mkondo wa Mtoto wa Nani? Historia ya Kadi ya Kliniki Ikitazamwa kutoka Nyegezi, Mwanza

Huko Nyegezi, kandokando ya Ziwa Viktoria katika Jiji la Mwanza, mzazi mwenye mtoto mchanga akisema anakwenda kliniki, haieleweki kwamba mtoto ni mgonjwa. Inaeleweka kwamba siku ya kupima uzito imefika. Mtoto huvishwa kaptula ya kupimia na kuning'inizwa kwenye mizani. Muuguzi huweka nukta kwenye kadi na kuiunganisha na nukta ya mwezi uliopita. Insha hii inahusu ule mstari mwingine, uliochapwa kwenye kadi kabla mtoto hajazaliwa, ambao yeye hulinganishwa nao. Ulitokana na miili ya watoto gani? Hoja inayojengwa hapa ni kwamba, kwa miongo kadhaa, sehemu ya kile kilichosomwa kuwa udhaifu wa mtoto, na kwa hiyo upungufu wa maziwa ya mama yake, ilitokana na kipimo chenyewe.

Kadi ya namna hii ina asili ya Kiafrika kuliko inavyodhaniwa. Daktari David Morley, Mwingereza, aliianzisha mwishoni mwa miaka ya 1950 akifanya kazi katika kijiji cha Imesi-Ile, magharibi mwa Nigeria. Mambo mawili aliyoyasisitiza yanastahili kukumbukwa. Kwanza, kadi ikae nyumbani kwa mama, si katika kabati la hospitali. Pili, kinachosomwa ni mwelekeo wa mstari, yaani kama unapanda, umelala au unashuka, wala si mahali ulipo tu. Tanzania ilipopanua huduma ya afya ya mama na mtoto katika miaka ya 1970, sambamba na kuanzishwa kwa Taasisi ya Chakula na Lishe mwaka 1973, kadi ilipata njia ya kufika vijijini. Mradi wa lishe wa Iringa, ulioanza mwaka 1983, uliipeleka mizani hadi kwenye mikutano ya kijiji. Humo ndimo msamiati wa rangi ulipokomaa: kijani, kijivu, nyekundu. Rangi ni rahisi kuitangaza mbele ya watu. Mwelekeo ni mgumu. Kwa maoni yangu, shauri la pili la Morley lilianza kufifia hapo.

Takwimu zilikuwa na safari yao. Mwaka 1966 Derrick Jelliffe, aliyekuwa profesa wa afya ya watoto Makerere, ng'ambo ya ziwa hili hili, alichapisha kupitia Shirika la Afya Duniani mwongozo wa kutathmini lishe ya jamii. Vipimo rejea vilivyoenezwa na mwongozo huo vilitokana na watoto wa Boston. Mwaka 1977 Marekani ilitoa takwimu mpya, nazo zikakubaliwa kuwa rejea ya kimataifa. Sehemu yake inayohusu umri chini ya miaka miwili ilitoka Yellow Springs, Ohio, kwa watoto ambao wengi wao walinyweshwa maziwa ya chupa.

Jambo hilo la chupa si dogo. Mtoto anayenyonya maziwa ya mama pekee huongezeka uzito upesi katika miezi ya mwanzo, kisha hupunguza kasi. Akiwekwa kwenye mkondo wa mtoto wa chupa, huonekana kuanza kuachwa nyuma kuanzia takriban mwezi wa tatu au wa nne, ingawa ana afya njema. Mama aliyeambiwa kwamba mtoto "haongezeki" alikuwa na jibu lililokuwa karibu, nalo ni uji. Isitoshe, hadi mwaka 2001 ushauri wa kimataifa wenyewe ulitaja miezi minne hadi sita kuwa muda wa kunyonyesha bila kuongeza chakula. Mwaka huo ndipo miezi sita kamili ilipowekwa.

Nukta iliyoshuka haikuishia kwenye uji. Kiswahili kina kitenzi *kubemenda*: kudhoofisha afya ya mtoto anayenyonya kwa wazazi kurudia tendo la ndoa mapema au kwa mama kushika mimba nyingine. Ni kipimo cha ukuaji kilichotangulia mizani, nacho humtafuta mkosaji. Kadi iliyoletwa kuwa msaada wa mama ingeweza basi kusomwa na shemeji au mama mkwe kama ushahidi dhidi yake.

Aprili 2006 Shirika la Afya Duniani lilitoa viwango vipya, vilivyotokana na watoto wapatao 8,500 wa Brazili, Ghana, India, Norway, Marekani na Oman, mama zao wakiwa wamekubali kunyonyesha na kutovuta sigara. Wavulana na wasichana wakapewa mikondo tofauti. Badala ya kuonyesha jinsi watoto wa mji fulani walivyokua, viwango hivyo vilikusudia kuonyesha jinsi mtoto anavyopaswa kukua akinyonyeshwa na kutunzwa. Mtoto wa Nyegezi sasa hupimwa kando ya mtoto wa Muscat na wa Accra.

Kwa hiyo mtafiti anayezikuta kadi za miaka ya 1980, zilizohifadhiwa na akina mama pamoja na vyeti vya ubatizo na vya shule, asianze kwa kuhesabu nukta zilizo chini ya mstari. Aanze kwa kuuliza mstari huo ulichukuliwa kwa watoto gani, kisha asome mwelekeo wa nukta kati ya mwezi wa tatu na wa sita, mahali ambapo Ohio na Mwanza hazikuwahi kulingana.