Sinema ya Vugiri na Mapenzi ya Kazi

Katika milima ya Usambara, juu ya mji wa Korogwe, pana mahali paitwapo Vugiri, ambapo kati ya mwaka 1935 na 1937 ilifanywa kazi ambayo waandishi wa historia ya sinema ya Afrika hawaachi kuitaja kwa taadhima, nayo ni kutengeneza picha za sinema makusudi kwa ajili ya Waafrika, Waafrika wenyewe wakiwa waigizaji wake. Sifa hiyo ina haki yake. Lakini mwenye kuyachunguza matunda ya kazi ile hataacha kusikitika, maana picha zilizokusudiwa kumsemesha mfanyakazi zilimjua kwa mikono yake tu, wala hazikujishughulisha na watu na ardhi aliyoipenda.

Asili ya jambo hili ni migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambako J. Merle Davis wa Baraza la Kimataifa la Misheni alikwenda mwaka 1932 kuchunguza jinsi kazi ya mgodini ilivyobadili maisha ya vijiji vilivyoachwa na wanaume wao. Akaona kwamba sinema ingeweza kuwafahamisha watu mambo mapya yaliyowafikia kwa ghafla, na shirika la Carnegie la New York likatoa fedha. Aliyekabidhiwa utengenezaji wa picha alikuwa Meja L. A. Notcutt, na mambo ya elimu akapewa G. C. Latham. Notcutt hakuwa mgeni wa mashamba: mwaka 1926, alipokuwa meneja wa mashamba ya mkonge, alikwisha kuwaza kuwa sinema ya shambani ingesaidia kuwafanya vibarua waridhike na kazi yao. Wazo hilo la bwana shamba, yaani kutafuta radhi ya kibarua bila ya kumwuliza kinachomkosesha radhi, ndilo ninaloliona likiendelea katika mengi ya yaliyofuata.

Na huko Usambara radhi hiyo ilikuwa adimu kwa sababu iliyo dhahiri. Tangu mwaka 1907, wakati Lushoto ilipokuwa ikiitwa Wilhelmstal, Wajerumani waliwawekea wanaume wa wilaya hiyo sharti la kuchukua kadi na kumfanyia Mzungu kazi siku 30 katika kila miezi 4, na asiyetimiza aliweza kutiwa katika kazi za serikali. Msambaa alikuwa na migomba yake, mahindi yake na jamaa zake, na katika desturi ya milima ile hata mtawala alipimwa kwa uwezo wake wa kuiponya nchi ili mvua inyeshe na chakula kipatikane. Mtu wa namna hiyo hakukosa bidii. Bidii yake ilikuwa imekwisha kupata mahali pake, na kila siku aliyokaa katika shamba la mgeni ilikuwa siku iliyoondolewa katika shamba la watoto wake.

Kutoka Vugiri zikatoka picha 35. Zilikuwapo za safura na malaria ya watoto wachanga, za chai, kahawa na ngozi, za mmomonyoko wa udongo, na moja ya benki ya akiba ya posta, iliyolinganisha mtu aliyefukia fedha zake ardhini zikaibiwa na mwenzake aliyezipeleka posta. Sauti zilitiwa katika sahani za santuri, ili hadithi iweze kusemwa kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine, na lori likazichukua picha Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Watu walikusanyika kwa wingi, na kwa wengi wao ule ulikuwa usiku wa kwanza kuona taswira zikitembea.

Kasoro za ufundi hazikuwa siri, kwa kuwa santuri haikukubali kila mara kwenda sambamba na picha. Lakini hizo zingalisameheka. Kasoro kubwa zaidi ilikuwa katika tungo. Waafrika waliigiza, na wengine wakafunzwa kazi za ufundi, ilhali uamuzi wa mwisho juu ya hadithi ulikaa mikononi mwa wakuu wa mradi. Kwa hiyo, kama hadithi ya picha ya posta inavyosimuliwa, mtu ana fedha na ana adui, lakini hatuambiwi anamwekea nani akiba ile.

Gharama ya upungufu huo ilionekana baadaye Usambara kwenyewe. Baada ya vita kuu ya pili serikali iliwaamuru wakulima wa Mlalo, na kisha wa milima mingine, walime kwa matuta ili kuzuia mmomonyoko. Elimu ya udongo ilikuwako, tena sinema yake ilikwisha kupigwa. Lakini matuta yaliongeza kazi kwa wanawake waliokwisha kulemewa, na maskini waliolima mashamba ya kuazimwa wakahofia kuyapoteza. Watu wakakataa, na mpango ukaachwa kabla ya uhuru.

Serikali za makoloni hazikukubali kuendelea kuulipia mradi wa Vugiri, nao ukafungwa mwaka 1937. Katika picha zake 35 zijulikanazo kuwa zimesalia ni tatu tu, nazo zimehifadhiwa Uingereza. Rai yangu ni kwamba nakala zake ziombwe, zioneshwe Vugiri na Lushoto, na wazee waulizwe wanayoyaona humo. Na vijana wa milima ile wenye kamera leo watunge hadithi ya mchuma chai na mkulima wa mboga, wakianza na swali ambalo Vugiri ililiacha: mtu huyu anamfanyia kazi nani, na kwa mapenzi gani?