Gobori, Baruti na Muda: Ushindiliaji wa Bunduki Uzaramo na Vita vya Majimaji

1.0 Utangulizi

Shule ya Sekondari Kibasila, wilayani Temeke, ina jina la jumbe wa Kizaramo aliyeongoza Vita vya Majimaji katika Uzaramo, nchi ambayo Temeke na Kinondoni zilikuwa sehemu yake kabla ya jiji la Dar es Salaam kupanuka. Maandishi mengi kuhusu vita hivyo yamejikita katika imani ya maji, huku silaha ya wapiganaji, gobori, ikitajwa kuwa duni bila ya maelezo zaidi. Insha hii inajenga hoja kwamba uduni huo hauelezeki pasipo kuchunguza hatua za kushindilia bunduki hiyo. Kilichomtenga mpiganaji na askari wa Wajerumani hakikuwa aina ya baruti, bali muda.

2.0 Hatua za Kushindilia

Gobori hushindiliwa kupitia mdomo wa mtutu. Kwanza mpigaji hupima baruti nyeusi, ambayo ni mchanganyiko wa shura, mkaa na kiberiti, akaimimina mtutuni. Kipimo ndicho kiini cha ustadi: baruti ikipungua, risasi haifiki mbali, ikizidi, mtutu mkongwe huweza kupasuka. Pili hutia kizibo cha nyuzi au kitambaa na kukishindilia kwa mdeki. Tatu hutia risasi au marisaa, kisha kizibo kingine. Risasi sharti ikalie shehena ya chini yake, kwani ikibaki katikati ya mtutu huweza kuupasua. Mwisho kabisa ndipo hutegwa mtambo: gumegume hutiliwa baruti kidogo kando ya tundu, na bunduki ya fataki huvikwa fataki. Anayetega kabla ya kushindilia huihatarisha mikono yake mwenyewe. Baada ya milio kadhaa, masizi huubana mtutu, nao lazima usafishwe; wakati wa masika, baruti iliyopata unyevu hukataa kuwaka.

Hata askari wa Ulaya waliofunzwa vyema hawakuzidi milio miwili hadi mitatu kwa dakika kwa bunduki za namna hii, tena mara nyingi wakiwa wamesimama.

3.0 Biashara na Udhibiti

Kuanzia miaka ya 1860, majeshi ya Ulaya yalipochukua bunduki za kushindiliwa nyuma, zile kuukuu ziliuzwa Afrika. Mwaka 1888, Euan-Smith, mwakilishi wa Uingereza Unguja, alikadiria kuwa silaha 80,000 hadi 100,000 zilipitia huko kila mwaka. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia bunduki za kisasa kuuzwa kwa Waafrika, lakini uliruhusu gumegume na baruti ya kawaida kutoka maghala yaliyosimamiwa na serikali. Hivyo sheria iliwabakiza Waafrika na silaha ya polepole, na kuuweka ufunguo wa baruti mikononi mwa mtawala.

Athari yake haikuishia vitani. Mwanahistoria Thaddeus Sunseri ameonyesha jinsi nguruwe mwitu walivyoharibu mashamba ya Uzaramo na kuchangia njaa katika kipindi hicho. Kwa mkulima, kukosa baruti kulikuwa kukosa chakula.

4.0 Muda Vitani

Askari wa kikoloni walitumia Mauser ya 1871, nayo ikitumia baruti nyeusi na kutoa moshi vilevile. Hata hivyo, ganda moja lilikusanya fataki, baruti na risasi, likatiwa nyuma ya mtutu. Askari aliweza kushindilia akiwa amelala. Mpiganaji wa gobori alilazimika kusogea karibu ili alenge, na akishafyatua alibaki na mkuki wake tu. Mahenge, tarehe 30 Agosti 1905, pengo hilo lilikabiliwa na bombomu, na mamia wakaangamia. Kwa mtazamo huu, ahadi ya maji haikuwa ujinga wa watu wasioijua bunduki. Waliijua vyema, wakahitaji ujasiri wa kuvuka umbali ambao silaha yao haikuweza kuuvuka. Kuvizia msituni, kulikoshamiri baadaye, kuliitumia vizuri zaidi gobori, kwa kuwa mlio wa kwanza ulikuwa umekwisha kushindiliwa.

5.0 Hitimisho

Wajerumani walipodai bunduki zisalimishwe kuwa sharti la amani, walichukua silaha na zana ya kulindia shamba kwa pamoja. Historia ya Majimaji, basi, haina budi kulisoma gobori kwa mikono ya aliyelishindilia: mtu aliyejua kila hatua, na aliyejua pia kwamba adui hangemsubiri azimalize.