Taa ya LED ya juu ya kamera: Itazame rangi kabla ya ukali

MJINI Dodoma jua huzama kati ya saa 12:30 na saa 1:00 jioni kwa mwaka mzima, na kwa kuwa jiji hili lipo nyuzi sita tu kusini mwa Ikweta, machweo yake hayadumu. Dakika ishirini hivi baada ya jua kuzama, mpiga picha za video aliyekuwa akifanya kazi bila wasiwasi hujikuta gizani. Nayo ndiyo saa ambayo kazi nyingi za hapa huanza. Maharusi hushuka garini mbele ya ukumbi, wabunge waliochelewa katika kikao cha jioni huzungukwa na waandishi wa habari, na ngoma ya Wagogo iliyochelewa kuanza huko Chamwino ndiyo kwanza inakolea.

Hapo ndipo taa ndogo ya LED, ile inayopachikwa juu ya kamera mahali pa flashi, inapogeuka kuwa chombo cha riziki. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, na mji ukapewa hadhi ya jiji Aprili 26, 2018, mikutano, mahafali na sherehe vimewapa kazi vijana wengi wenye kamera. Kazi hiyo ina masharti magumu, kwani tukio halirudiwi. Bibi harusi hataingia ukumbini mara ya pili kwa sababu uso wake umetoka wa kijivu katika mkanda wa kwanza, na kamati ya harusi haitasikiliza maelezo kuhusu taa.

Makala haya yanamlenga mnunuzi mwenye fedha kidogo. Rai yake ni kwamba aanze kuchunguza rangi ya mwanga, kisha betri, na ukali wa taa auweke mwisho. Madukani utaratibu huwa kinyume, kwani muuzaji huanza kwa kuhesabu vijitaa vilivyomo na mnunuzi hushawishika kuwa taa yenye vijitaa 300 ni bora mara mbili ya ile yenye 150. Idadi hiyo haisemi lolote kuhusu namna sura ya mtu itakavyoonekana.

Weupe unaotokana na bluu

Waliopiga picha za harusi katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 wanazikumbuka taa za halojeni za wati 500 au 1,000. Kijana mmoja alikuwa na kazi ya kuishika taa, mwingine ya kuburuta waya katikati ya meza za wageni, na mshereheshaji alilowa jasho kila taa ilipomwelekea. Pamoja na usumbufu huo wote, taa zile zilikuwa na sifa moja ambayo LED nyingi za bei nafuu hazina. Mwanga wake ulibeba rangi zote bila pengo, hata nyekundu iliyokolea.

LED nyeupe huzaliwa kwa njia nyingine. Iliwezekana kutengenezwa baada ya wanasayansi wa Japani, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, kufanikiwa kupata LED ya bluu yenye nguvu mwanzoni mwa miaka ya 1990, kazi iliyowapatia Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Kijitaa cha bluu hufunikwa kwa unga wa njano uitwao fosfa, na mchanganyiko wa bluu na njano jicho huuona kuwa mweupe. Unga wa hali ya chini hutoa nyekundu kidogo mno. Ngozi ya maji ya kunde na ngozi nyeusi hupata uhai wake katika picha kutokana na wekundu huo, na ukikosekana, uso hubaki na rangi ya majivu au ya kijani hafifu. Programu ya kuhariri inaweza kuongeza wekundu kidogo, lakini haiwezi kurudisha rangi ambayo haikufika kwenye lenzi.

Ikumbukwe kuwa vifaa vya picha havikutengenezwa kwanza kwa ajili ya ngozi hizi. Kwa miongo kadhaa kuanzia miaka ya 1950, maabara za picha za rangi zilirekebisha mitambo yake kwa kutumia kadi ya kampuni ya Kodak yenye picha ya mwanamke wa Kizungu, iliyojulikana kama kadi ya Shirley. Mpiga picha wa hapa hana budi kufanya majaribio yake mwenyewe.

Kipimo cha uaminifu wa rangi huandikwa CRI kwenye boksi, na kiwango chake cha juu ni 100. Wengi husoma namba hiyo bila kujua kwamba ni wastani wa rangi nane zilizopauka. Nyekundu iliyokolea, inayoitwa R9, haimo katika wastani huo. Kwa hiyo taa inaweza kutangazwa kuwa na CRI ya 80 ilhali R9 yake iko karibu na sifuri. Kwa kazi ya sura za watu, tafuta CRI ya 95 au zaidi. Ukilazimika kushuka, usishuke chini ya 90, na hapo uliza R9. Baadhi ya watengenezaji huandika pia TLCI, kipimo kilichopendekezwa na umoja wa mashirika ya utangazaji ya Ulaya mwaka 2012, ambacho huangalia namna kamera inavyoiona rangi badala ya jicho la mtu. Ukikikuta, ni dalili kwamba mtengenezaji alifikiria video.

Namba za kwenye boksi hata hivyo huandikwa na mwenye mali. Nenda dukani na kamera yako. Washa taa, rekebisha kamera kwa karatasi nyeupe, kisha piga picha ya kiganja chako, ya upande wa nyuma wa mkono, na ya kitambaa chekundu. Toka mlangoni, rekebisha tena kamera kwa karatasi ileile kwenye mwanga wa mchana, na upige vitu hivyohivyo. Linganisha. Kama nyekundu ya ndani imegeuka kuwa ya udongo au ya machungwa, taa hiyo itaziharibu shanga za wachezaji wa muheme sawasawa na itakavyouharibu uso wa bibi harusi. Jaribio hili halizidi dakika tano, na muuzaji anayelikataa amekwisha kukujibu.

Hesabu ya betri

Taa nyingi za bei nafuu hutumia moja ya njia tatu za umeme, nazo ni betri ndogo za kawaida za AA, betri iliyojengwa ndani, au betri ya kubandika nyuma ya aina ya NP-F, iliyoanzishwa na Sony na kuigwa na viwanda vingi. Za AA ni rahisi kununua hata dukani Kondoa au Manyoni usiku, lakini zile za kutupa huanza kufifia mapema, na gharama yake kwa mwaka huweza kuipita bei ya taa yenyewe.

Betri ya ndani inafaa kwa mahojiano mafupi. Taa ndogo kama Ulanzi VL49, ambayo mtengenezaji wake anatangaza CRI ya 95, ina betri ya mAh 2,000. Ukizidisha kwa volti 3.7 unapata takriban wati-saa 7. Kwa taa inayokula wati 5 au 6, hiyo ni saa moja na kidogo ikiwashwa kwa nguvu zote. Mwandishi wa habari anayesubiri kauli ya waziri nje ya ukumbi ataridhika nayo. Mpiga picha wa harusi inayoanza saa 1:00 na kwisha saa 6:00 usiku hataridhika.

Kwa huyo wa pili, NP-F ndiyo njia. Betri ya NP-F550 yenye mAh 2,200 kwa volti 7.2 ni takriban wati-saa 16, na itaiendesha taa ya wati 10 kwa muda wa saa moja na nusu. NP-F970 yenye mAh 6,600 ni wati-saa 47, yaani zaidi ya saa nne. Punguza sehemu moja kwa tano kwa ajili ya upotevu na uchakavu, nawe utapata makadirio ya kuaminika. Jihadhari na betri za bandia. NP-F550 ina seli mbili ndani yake na NP-F970 ina seli sita, hivyo kubwa lazima iwe na uzito unaokaribia mara tatu ya ndogo. Betri kubwa iliyo nyepesi mkononi haina seli hizo, hata kama lebo yake imeandikwa mAh nyingi kuliko ya Sony yenyewe.

Waliofanya kazi wakati wa mgao wa umeme wa mwaka 2006, wa 2011 au wa 2023 hawahitaji kuelezwa kwa nini chaja ya gari ni sehemu ya bei ya taa. Kwa maoni yangu, katika kila shilingi kumi zilizotengwa, sita ziende kwenye taa na nne kwenye betri mbili na chaja.

Ukali wake na mipaka yake

Hakuna taa ya juu ya kamera itakayoangaza ukumbi mzima, sembuse ukumbi wa ukubwa wa Kituo cha Mikutano cha Jakaya Kikwete. Mwanga unaofika usoni kwa umbali wa mita 2 ni robo ya ule wa mita 1, na kwa mita 3 hubaki sehemu moja ya tisa. Taa hizi ni za mtu aliye karibu, basi. Mwenye kutaka ukali zaidi apige hatua mbili mbele kabla ya kuongeza fedha. Ukilinganisha taa mbili, uliza luksi zake kwa umbali wa mita 1 na uache hesabu ya vijitaa.

Ukubwa wa uso wa taa una maana kuliko wengi wanavyodhani. Taa ndogo sana huacha doa linalong'aa kwenye paji la uso na puani, hasa kwa ngozi nyeusi yenye jasho au mafuta. Kibao cheupe cha kulainisha mwanga husaidia, na karatasi ya kuchorea ramani au kitambaa chepesi cheupe hufanya kazi hiyohiyo kwa kuwa LED haichomi kama halojeni. Bora zaidi ni kuitoa taa juu ya kamera na kumpa msaidizi aishike pembeni, juu kidogo ya macho ya anayepigwa. Uso hupata umbo, na macho ya mgeni rasmi hayaumii.

Kuhusu rangi ya mwanga, taa huwa za aina moja, kwa kawaida Kelvini 5,600 inayofanana na mchana, au za rangi mbili zinazoweza kushuka hadi Kelvini 3,200, ule unjano wa balbu za zamani. Anayepiga picha kumbini achukue za rangi mbili. Ajue tu kwamba katika taa nyingi za namna hiyo, akichagua rangi moja tupu nusu ya vijitaa huzimwa. Taa za zambarau za wapambaji hazina dawa zaidi ya kumsogelea mhusika.

Ipunguze pia taa hadi chini kabisa ukiwa dukani na urekodi kwa kasi mbalimbali za shata. Michirizi ikipita kwenye picha, taa hiyo hupunguza mwanga kwa kujizima na kujiwasha haraka, na itakusumbua siku utakapotaka mwanga kidogo.

Tangu treni ya SGR ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, safari ya Kariakoo na kurudi ni ya siku moja, hivyo hakuna sababu ya kumwagiza mtu asiyejua kamera. Godox na Neewer wana taa za madaraja mengi, hivyo jina la kampuni pekee halitoshi. Soma jina kamili la modeli. Tikisa pia kitako kinachoingia kwenye kamera. Kikiwa cha plastiki ndicho kitakachovunjika kwanza, na katika upepo wa Dodoma wa miezi ya kiangazi, taa iliyofungwa uzi kwenye mkanda wa kamera hubaki ikining'inia badala ya kuanguka sakafuni.