Asilimia 31 ya Idete

Idete ni kijiji cha bonde la Kilombero, jirani na Ifakara, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 malaria ilikuwa kali huko mwaka mzima. Ndiyo maana watafiti walikichagua kijiji hicho kuijaribu SPf66, chanjo iliyobuniwa na Manuel Patarroyo wa Colombia. Watoto 586 wa umri wa mwaka 1 hadi 5 waligawanywa kwa kura: 274 wakapata chanjo, 312 wakapata chanjo bandia. Oktoba 1994 jarida la Lancet lilichapisha matokeo. Chanjo ilipunguza malaria kwa asilimia 31, na kando ya tarakimu hiyo zilichapishwa nyingine mbili, 0 na 52. Hiyo ilikuwa mipaka ya makisio: kwa ushahidi uliokusanywa, ufanisi wenyewe ungeweza kuwa popote kati ya kutokuwepo kabisa na kuzidi nusu. Kilichosimuliwa sana kilikuwa ile 31. Lakini anayetaka kuelewa historia ya chanjo ya malaria Afrika ataijua vizuri zaidi kwa kuifuata mipaka, kwa sababu tarakimu kuu, ikisimama peke yake, imepotosha zaidi ya mara moja.

Desturi ya kuchapisha mipaka hiyo ilikuwa changa wakati huo. Jaribio la streptomycin la Uingereza, lililotangazwa mwaka 1948 na ambalo wengi hulihesabu kuwa mzazi wa majaribio ya kura katika tiba, liliripoti kuwa wagonjwa wa kifua kikuu waliokufa katika miezi 6 walikuwa 4 kati ya 55 waliopata dawa, na 14 kati ya 52 waliolazwa tu kitandani. Waandishi wakaongeza kuwa uwezekano wa tofauti hiyo kutokea kwa bahati ulikuwa chini ya 1 katika 100. Hukumu ya namna hiyo, ya tofauti ipo au haipo, ilitawala majarida ya tiba kwa karibu miaka 40, ingawa Jerzy Neyman alikwishaeleza hesabu ya mipaka katika miaka ya 1930. Mwaka 1986 Martin Gardner na Douglas Altman wakawasihi waandishi, kupitia British Medical Journal, waonyeshe ukubwa wa makisio na mipaka yake badala ya hukumu tupu. Wahariri wa majarida makubwa wakaanza kudai hivyo. Idete ilikuja miaka 8 tu baadaye.

Kwa desturi ya zamani, Idete ingehesabiwa ushindi. Uwezekano wa bahati ulikuwa 0.046, chini kidogo ya kizingiti cha 0.05 ambacho watafiti walikizoea hadi wakakichukulia kama sheria ya maumbile. Kisha yakaja majaribio mengine. Gambia, 1995, kwa watoto wachanga: asilimia 8, mipaka -18 hadi 29. Thailand, 1996: -9, mipaka -33 hadi 14. Mwaka 1999 ukatoka utafiti wa watoto wachanga wa Idete hiyohiyo: 2, mipaka -16 hadi 16. Ukizisoma tarakimu kuu pekee, yaani 31, 8, -9 na 2, utadhani tafiti zinagombana, na ubishi wa miaka ile ulikwenda hivyo hasa. Iweke mipaka pamoja na ugomvi unapungua sana: yote minne inakutana kati ya 0 na 14. Umri wa watoto na wingi wa mbu vilitofautiana, kwa hiyo mkutano huo si uthibitisho. Hata hivyo unaonyesha kwamba utafiti wa kwanza haukudanganya. Sifuri ilikuwa imechapishwa palepale tangu mwanzo.

Sasa linganisha na RTS,S, chanjo nyingine ya malaria. Matokeo ya mwisho ya jaribio lake kubwa yalitoka mwaka 2015, baada ya kufuatiliwa watoto 15,459 katika vituo 11 vya nchi 7, vikiwemo Bagamoyo, Korogwe, Kilifi, Siaya na Kombewa. Kwa watoto walioanza wakiwa na miezi 5 hadi 17 na kupata dozi nne, ufanisi ulikuwa asilimia 36.3. Tofauti na Idete ni pointi 5 tu. Lakini mipaka ilikuwa 31.8 hadi 40.5. SPf66 iliachwa, RTS,S ilipendekezwa na Shirika la Afya Duniani Oktoba 2021.

Atasema mtu: wembamba huo umenunuliwa. Ni kweli. Ili kupunguza upana wa mipaka kwa nusu unahitaji takriban watoto mara nne, na fedha za kuwafuatilia hawa haziko Ifakara. Hilo ni lalamiko la haki kuhusu nani anagharimia utafiti, ila halihalalishi utafiti mdogo kuficha upana wake. Ukiuonyesha, unaweza kujumlishwa na nyingine ndogo. Wengine husema mama aliyeko kliniki hana haja na mipaka. Pengine hana. Lakini waziri anayenunua dozi anayo, na gazeti linaweza kuandika kwa Kiswahili cha kawaida kuwa chanjo huenda isifae kitu au ikapunguza nusu.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mipaka hupima bahati tu. Haijui kura iliyochezewa, wala haijui muda. Kilifi, watoto 447 waliopewa dozi tatu za RTS,S au chanjo ya kulinganishia walifuatiliwa miaka 7, na ufanisi wa kipindi chote ukawa asilimia 4.4, mipaka -17.0 hadi 21.9. Kinga ilikuwa imefifia, na mipaka ya mwaka wa kwanza, hata iwe myembamba kiasi gani, isingeweza kulionyesha hilo. Nalikubali pingamizi hili bila masharti. Vilevile jaribio kubwa liliacha maswali kuhusu homa ya uti wa mgongo na vifo, matukio machache mno kuweza kuamuliwa hata kwa watoto 15,459. Jibu lilitafutwa kwa kupanua hesabu: kuanzia 2019 chanjo ilitolewa kwa majaribio katika maeneo ya Ghana, Malawi na magharibi mwa Kenya, safari hii kwa mamia ya maelfu ya watoto, ndani ya kliniki za kawaida.