Viko vya Tumbaku: Historia Inayosomeka kwa Umbo na Rangi

Mkusanyaji wa viko akipata kiko kigeni haanzi na bei. Hukigeuza chini juu kutafuta mhuri, hukipima uzito kiganjani, huchungulia tundu la moshi, kisha hupitisha kidole gumba kwenye bori, yaani kile kikombe kinachochomewa tumbaku. Kwa hatua hizo chache huweza kukisia kilikotoka na enzi yake, kwani umbo la kiko na namna kilivyomaliziwa havikuwa pambo tupu. Fundi wa kila zama alikuwa akipambana na mambo matatu: joto, unyevu na uzito.

Tumbaku ilipoenea Uingereza mwishoni mwa karne ya 16, ilikuwa ghali, ndiyo maana viko vya udongo mweupe vya wakati huo vina bori dogo sana. Bei iliposhuka katika karne ya 17, bori nalo likapanuka. Huko Gouda, Uholanzi, ufundi huu ukawa uti wa mgongo wa mji. Mafundi walikandamiza udongo ndani ya kalibu ya vipande viwili na kupenyeza waya kutoboa njia ya moshi. Viko bora walivisugua kwa jiwe la akiki mpaka vikang'aa, kisha wakavichoma tanuruni. Chini ya bori waligonga alama ya karakana, na alama hizo ndizo zinazowasisimua wakusanyaji hadi leo.

Kiko cha udongo huvunjika upesi, kwa hiyo vipande vyake vimetapakaa kila mahali walikoishi wavutaji. Mwaka 1954 mwanaakiolojia Mmarekani J. C. Harrington alionyesha kwamba matundu ya moshi ya viko vya Kiingereza yalizidi kuwa membamba kadiri miaka ilivyopita kati ya karne ya 17 na ya 18. Tangu hapo, kipande cha mrija kilichotupwa jalalani kikawa kipimo cha kukadiria umri wa makazi ya kale.

Udongo ulikuwa rahisi, lakini uliunguza vidole. Matajiri wa Ulaya wakageukia merishamu, jiwe jeupe la madini ya sepiolaiti linalochimbwa tangu zamani Eskişehir, Uturuki. Likiwa bado na unyevu wa ardhini hukatika kwa kisu kama sabuni. Likikauka huwa jepesi kiasi cha kuelea majini. Vitundu vyake visivyoonekana kwa macho hunyonya unyevu na mafuta ya tumbaku. Katika karne ya 19 mafundi wa Vienna walilichonga vichwa vya masultani, farasi na makucha ya tai yaliyoshika yai. Kazi ikiisha, kiko kilichovywa katika nta ya nyuki. Mvutaji alipokitumia miaka na miaka, weupe ulibadilika ukawa manjano ya asali, kisha kahawia. Hapo umaliziaji ulikuwa kazi ya watu wawili: fundi aliuanza, mwenye kiko akaukamilisha.

Afrika Kusini ikachangia umbo lake. Mabuyu yalipindwa shingo yakiwa bado yanakua, yakakaushwa, kisha yakapachikwa kikombe cha merishamu mdomoni. Nafasi iliyobaki ndani ya buyu hupooza moshi. Watu wengi hulihusisha umbo hili na Sherlock Holmes, ingawa katika hadithi za Arthur Conan Doyle mpelelezi huyo havuti kiko cha buyu.

Mageuzi makubwa yalianzia katika mji wa Saint-Claude, Ufaransa, katikati ya karne ya 19. Mafundi wake walianza kutumia braya, nundu ngumu inayoota kwenye shina la kichaka cha Erica arborea pembeni mwa Mediterania, chini kidogo ya uso wa ardhi. Nundu hiyo hustahimili moto. Hukatwa vipande, huchemshwa kwa saa nyingi ili utomvu utoke, halafu huachwa ikauke kwa miezi. Kwa braya maumbo yakawa na majina ya kudumu: biliadi lenye bori lililosimama wima, tufaha lenye mviringo, Dublin linalopanuka kuelekea juu, buldogi lenye mifereji miwili ikilizunguka bori.

Unyevu nao ulipata tiba yake. Mwaka 1890 Charles Peterson wa Dublin alipata hataza ya kiko chenye kisima kidogo cha kunasia majimaji kabla hayajafika kinywani.

London nayo ikabadili sura ya nje. Alfred Dunhill alifungua duka la tumbaku mtaa wa Duke mwaka 1907, na mwaka 1917 akaomba hataza ya kumalizia braya kwa kuipulizia mchanga kwa nguvu. Mchanga hula sehemu laini na kuacha zile ngumu, hivyo mistari ya ukuaji hujitokeza kama vituta ambavyo kidole huvihisi vizuri. Kiko cha namna hiyo huwa chepesi, na eneo la kutolea joto huongezeka. Baadaye, huko Copenhagen, Sixten Ivarsson, Mswidi aliyeanza kwa kukarabati viko vya watu, aliacha nyuzi za mti zimwongoze katika kuamua umbo. Viko vyake vilifungua mlango kwa kizazi kizima cha mafundi wa Denmaki.

Afrika Mashariki ina ukurasa wake katika historia hii. Bonde la Amboseli, pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Tanzania, lina merishamu, na jiwe hilo lilichimbwa Sinya, upande wa Longido. Kampuni ya Tanganyika Meerschaum Corporation ililichonga viko vilivyouzwa ng'ambo kwa jina la Kiko, vikiwa na alama ya tembo. Jiwe la Amboseli ni gumu na zito kuliko la Eskişehir, wala si jeupe sana. Mafundi hawakulilazimisha lifanane na la Uturuki: walilitia rangi ya kahawia, nyeusi au madoadoa, na viko vingine wakavivisha ngozi.

Leo viko hivyo hununuliwa na kuuzwa na wakusanyaji wa Ulaya na Marekani, wengi wao wakivipanga kabatini bila kuviwasha. Vinastahili pia nafasi katika makumbusho ya Arusha na Nairobi, kando ya mapande ghafi ya jiwe la Sinya, ili wanafunzi waone jinsi madini ya nyumbani yalivyogeuzwa kuwa bidhaa iliyojulikana kwa wavutaji wa mabara mengine.