Kujifunza falsafa ya siasa kwa kusikiliza mihadhara

FALSAFA ya siasa ni taaluma inayochunguza asili ya utawala, haki na wajibu wa raia. Siku hizi mtu aweza kuisoma kwa masikio, bila kuingia ukumbi wa chuo kikuu.

Mnamo 2006, Profesa Steven Smith wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, alirekodiwa akifunza somo hili katika mihadhara 24. Chuo hicho kilianza kutoa mihadhara yake bila malipo katika intaneti mwaka wa 2007.

Mafunzo hayo yanafuata mkondo wa historia. Yanaanza na Socrates, aliyehukumiwa kifo mjini Athens mwaka wa 399 kabla ya Kristo, kisha Plato, Aristotle na Machiavelli, hadi kwa Rousseau na Tocqueville. Hobbes, aliyeishi wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe Uingereza, alitetea mamlaka yenye nguvu zisizogawanywa. Locke naye alishikilia kuwa raia wana haki ya kuiondoa serikali inayosaliti imani yao.

Hata hivyo, anayesikiliza pekee huenda akadhani fasiri ya mhadhiri ndiyo kauli ya mwanafalsafa. Yafaa asome kwanza sura inayohusika, asimamishe sauti penye utata, kisha aandike hoja kwa maneno yake.

Socrates hakuacha andiko lolote. Alifunza kwa kuuliza maswali. Sauti iliyorekodiwa haiulizwi ikajibu, hivyo ni sharti msikilizaji ajiulize mwenyewe.