Chokaa ya Bahari na Chokaa ya Moto

Moa, kaskazini mwa Tanga, ni nchi ya mikoko na matumbawe. Huko, kama kote pwani, tumbawe ndilo jiwe la kujengea, na likichomwa tanuuni huwa chokaa. Mtu wa pwani akiambiwa kuwa iko chokaa nyingine isiyoijua bahari, iliyozaliwa na moto, huenda akacheka. Hata wataalamu walicheka.

Chokaa hiyo iko jirani. Kadiri ya kilomita 35 kaskazini mwa Moa, upande wa Kwale, vimesimama vilima vya Jombo na Mrima. Na Mrima ndilo pia jina la pwani nzima ambayo Moa ni sehemu yake. Mpaka wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1886, ulioanzia mlangoni mwa mto Umba, ndio uliovitenga vilima hivyo na Moa. Jombo ni shina la volkano ya kale iliyolika, ya miaka ipatayo milioni 100. Mwamba wa Mrima ni karbonatiti, jamaa ya chokaa kwa umbile, lakini si kwa nasaba.

Mwaka 1921 Mnorwe W. C. Brøgger alidai kuwa mawe ya namna hiyo yalitokana na mwamba ulioyeyuka. Wengi walimkatalia, wakisema ni chokaa ya bahari iliyomezwa na moto. Ubishi uliendelea karibu miaka 40. Mnamo 1960 J. B. Dawson alifika kwenye kreta ya Oldoinyo Lengai, mlima mtakatifu wa Wamaasai, akakuta lava ya magadi ikitiririka. Shaka kubwa ikaondoka.

Kemia ikaongeza ushahidi. Nazi ikikamuliwa mara ya kwanza hutoa tui zito; maji yakizidi, tui huwa jepesi. Vivyo hivyo mwamba wa chini ya ganda la dunia: ukiyeyuka kidogo tu, hutangulia kutoa elementi zisizopata nafasi ndani ya fuwele, kama niobi na madini adimu. Ukiyeyuka kwa wingi, elementi hizo huzimuliwa. Ndivyo ilivyokuwa Dekani, India, miaka milioni 66 iliyopita, lava ya basalti ilipofunika nchi pana hadi Mumbai, bandari waliyoijua mabaharia wa pwani hii. Dekani ni sufuria kubwa ya tui jepesi. Mrima ni kijiko cha tui zito. Tumbawe halina niobi ya kutajika.

Uzito huo ndio uliokitia kilima hatarini. Mrima ni kaya ya Wadigo, msitu wa ibada. Machi 2013 ilitolewa leseni ya kuchimba, Agosti ikafutwa. Kampuni ikashtaki, na mwaka 2018 baraza la usuluhishi la kimataifa likaamua kuwa leseni haikuwa halali, kwani masharti ya sheria ya mazingira hayakutimizwa.

Wanajiolojia walihitaji miaka 40 kukubali kwamba jiwe hili lina nasaba yake. Wazee wa kaya, wasiohitaji jina la niobi, walikwisha kukihesabu kilima kuwa na heshima yake, wala hawakusubiri kipimo cha maabara ili kukilinda.